Shikamoo kwa Marehemu Akonaay

Kibuyu kilikuwa kinalia chwa, chwa, chwa, na jogoo alikuwa bado hajawika. Bibi Genoveva alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, kibuyu cha maziwa ya mgando kimelala mapajani mwake, akikisukasuka polepole kama anayembembeleza mtoto. Nje, ukungu wa Nambis ulikuwa umefika mpaka mlangoni. Baridi ya mwezi wa saba haina huruma huku juu, lakini bibi hakuwa amejifunika shuka. Alikuwa anasikia joto usoni, na halikuwa joto la moto.

"Bibi," sauti ya mjukuu wake Brightness ilitoka chumbani, chini ya blanketi. "Si tutanunua siagi Katesh? Iko ya kopo."

"Ya kopo anaweza kununua mwenyewe."

"Basi tumpelekee asali."

"Lala, mama. Gari bado."

Brightness hakulala. Alitoka amejifunga kitenge, nywele zimesimama, akachuchumaa kando ya bibi yake na kushika kibuyu upande wa pili. Wakakisukasuka pamoja. Bibi Genoveva aliona wema huo lakini hakushukuru, maana wiki hiyo kila wema aliotendewa ulikuwa unamuuma.

Walikuwa wanajiandaa kwenda Gitting, chini ya mlima Hanang, kumwona mzee mmoja aliyeitwa Akonaay. Mzee huyo alikuwa mzima wa afya. Na Bibi Genoveva ndiye aliyewatangazia watu wa wilaya mbili kwamba amekufa.

Ilianza hivi. Brightness alikuwa mtangazaji katika redio moja ndogo, ile inayosikika kuanzia Mbulu hadi ng'ambo ya mlima. Kila Jumapili mchana alikuwa na kipindi cha muziki wa zamani, na wasikilizaji wake walikuwa wazee, akina mama wanaochambua maharage, na madereva wa malori ya vitunguu saumu. Siku moja alikuwa anamsaidia bibi yake kupanga chumba cha nyuma, akakuta kasha la bati limefunikwa kwa gunia. Ndani yake zilikuwemo santuri, na kila santuri katikati ilikuwa na karatasi ya kijani yenye picha ya korongo amesimama kwa mguu mmoja.

"Bibi, hizi ni za nani?"

"Za babu yako. Yeye ndiye aliyezitoa."

"Alizitoa wapi?"

"Alizitoa, mama, yaani alizitengeneza. Babu yako alikuwa na kampuni ya santuri."

Brightness alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Yeye alimfahamu babu yake, marehemu Margwe, kama mzee wa mbuzi na vitunguu, mkali kwa watoto wanaopitisha mpira shambani. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za kampuni. Akazibeba santuri mbili mpaka Arusha kwa fundi mmoja mwenye mashine inayofanya kazi, akarudi na nyimbo ndani ya simu. Kisha akamwomba bibi aje redioni asimulie.

Sasa, Bibi Genoveva hakuwa amewahi kuongea mahali ambapo watu wananyamaza ili wamsikie. Maisha yake yote alikuwa ameongea huku anapura maharage au anakamua ng'ombe, na watu wakimwitikia nusunusu, wakitafuta viatu vyao. Mle redioni kulikuwa na chumba kidogo, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na ndani hapakusikika hata inzi. Brightness aliweka mikono mezani, akamtazama kama mtu anayesubiri kupewa chakula. Bibi akaanza.

Alisimulia vizuri. Hilo hata yeye mwenyewe hakulikana baadaye. Alieleza jinsi Margwe alivyokuwa dereva wa lori la ngano, na jinsi fundi mmoja mgeni wa mashamba ya ngano, aliyekuwa anarudi kwao, alivyomwachia mashine ya kunasa sauti kwa kubadilishana na ng'ombe mwenye maziwa. Watu walimcheka. Ng'ombe anatoa maziwa, wakamwambia, hiyo mashine yako itatoa nini? Margwe akawaambia itatoa Gehandu Jazz.

Siku hizo kila bendi ilijiita jazz, hata kama haikuwa na tarumbeta. Gehandu Jazz ilikuwa na magitaa, ngoma, na nyuzi zilizotengenezwa kwa waya wa breki za baiskeli pale za dukani zilipokosekana. Margwe aliwakusanya katika darasa la shule ya msingi wakati wa likizo. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi yaliyoazimwa kwa majirani, na kila jirani aliyetoa blanketi akataka kuingia asikilize. Mkanda ukitoka vizuri, Margwe aliuvalisha soksi ya sufu na kuupeleka Nairobi, ambako ndiko santuri zilikokuwa zinachapwa. Zikirudi kwa basi, aliziuza mnadani, zimepangwa juu ya turubai kati ya wauza chumvi na wauza majembe. Picha ya korongo aliichora mwenyewe. Watu wasiojua kusoma waliuliza tu, "Umeleta korongo mpya?"

Hapakuwa na serikali ndani yake, wala chama, wala tajiri. Kulikuwa na mtu mmoja, lori moja na mablanketi ya watu. Zikatoka santuri kadhaa, zikapigwa kwenye baa za Mbulu, Katesh na Babati. Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa, mkanda wa mwisho ukabaki Nairobi, na hakuna aliyejua ulikwenda wapi. Margwe akarudi kwenye vitunguu. Korongo akaingia kwenye kasha la bati.

Brightness macho yalikuwa yanang'aa. Akauliza juu ya wimbo mmoja uliopendwa kuliko yote, ule wa mtu anayemsihi mpenzi wake asihamie Basotu. Bibi akaeleza kwamba ubeti wa kwanza unaimbwa kwa sauti ya juu, lakini ubeti wa pili sauti inashuka, inakuwa kama ya mtu anayenong'ona, na watu baa nzima walikuwa wananyamaza ilipofika hapo. "Babu yako ndiye aliyebuni hilo," akasema. "Alikuwa na sikio."

"Na mwimbaji mwenyewe, Bibi? Mwenye sauti nyembamba kama filimbi?"

"Akonaay," bibi akasema. "Marehemu Akonaay, wa Gitting."

Kama angeishia hapo, lingekuwa kosa la kawaida. Mwaka ule mlima ulipoporomoka na tope likazoa nyumba za watu, kanisani kwao Nambis yalisomwa majina ya waliofariki ili waombewe, na katika majina hayo alikuwemo Akonaay. Akina Akonaay ni wengi katika nchi hii. Siku ile bibi alisema amina pamoja na wengine, kisha mawazo yake yakarudi nyumbani kwa ndama aliyekuwa anaharisha. Hakulia. Hakuuliza ni Akonaay yupi.

Lakini mle ndani, kati ya zile trei za mayai, aliona chozi linatembea kwenye shavu la mjukuu wake. Akaona kwamba ni yeye aliyelileta. Na mdomo wake, bila kumwomba ruhusa, ukaendelea.

"Nilikwenda kumzika," akasema. "Nililia mpaka miguu ikaisha nguvu, wanawake wakanishika. Nikaweka santuri yake juu ya kaburi."

Brightness akajifuta uso, akapiga wimbo. Kabla haujafika katikati akapunguza sauti asome salamu za wasikilizaji.

Jumapili hiyo hiyo jioni majirani walikuja kumpongeza. Jumatatu, mwenyekiti wa jumuiya yao, Mama Paskalina, alimshika mkono mbele ya watu akasema, "Ile ya kuweka santuri kaburini, Genoveva, imenichoma hapa." Bibi akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Alikuwa anajisikia vizuri, na baadaye hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Jumatano simu ya Brightness iliita. Alikuwa mwanamke, sauti yake imejizuia.

"Wewe ndiye wa kipindi cha zamani? Mimi naitwa Mectilda, niko Gitting. Nimeolewa kwa Akonaay, ni baba mkwe wangu. Mnasema amefariki."

"Ndiyo, dada, pole sana..."

"Yuko hapa. Anakunywa uji."

Kisha Mectilda akaeleza, polepole, bila kutukana, na Brightness alikuwa amefungulia sauti ili bibi asikie. Mzee Akonaay, alisema, tangu yeye aolewe amekuwa akiwaambia watu kwamba zamani aliimba kwenye santuri. Hakuna aliyemwamini. Kwenye karatasi ya santuri kuna jina la bendi tu, na sauti yake siku hizi ni mbaya. Wiki iliyopita aliposikia redioni tangazo kwamba Jumapili itakuwa habari ya korongo, alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake. Njooni mnisikie. Wakaja, wengi, wakakaa uani. Wimbo ukaanza. Mzee alisimama. Lakini kabla ya wimbo, redio ilikuwa imeshasema mwimbaji amezikwa, tena aliyesema ni mke wa mwenye kampuni.

"Walicheka," Mectilda akasema. "Sasa watoto wanamwita Marehemu. Hatoki nje ila kukaa, na akikaa anaipa barabara mgongo. Nilitaka tu mjue."

Hakudai chochote. Alishukuru hata kwa kupokelewa simu. Bibi Genoveva aliona wema huo pia, na ndio uliomkalisha chini.

"Bibi, tutasoma masahihisho Jumapili," Brightness alisema. Naye uso ulikuwa umempauka. "Tunasema samahani, kulitokea hitilafu."

"Hitilafu," bibi akarudia. "Hitilafu ndiyo iliyolia kaburini?"

"Bibi..."

"Walikuwepo uani kwake, mama, wakacheka wakimwona. Nitakwenda hapo hapo uani. Na wewe uje na simu yako, unirekodi. Waliosikia lile wasikie na hili."

"Watu watakusema."

"Watanisema," akakubali, na usiku ule hakula.

Basi ndiyo ikawa asubuhi ile ya kibuyu. Siagi ilipojikusanya wakaiosha kwa maji baridi, wakaiweka kwenye kopo safi, wakapanda gari. Mpaka Katesh bibi hakuongea. Alikuwa amefunika kichwa kwa khanga hadi karibu na macho, maana abiria mmoja nyuma yake alikuwa anamsimulia mwenzake, kwa furaha kabisa, habari ya bibi aliyeweka santuri juu ya kaburi. Kutoka Katesh walichukua pikipiki. Mlima ulikuwa upande mmoja wa njia, na mahali lilipopita tope bado palionekana, udongo mtupu. Huku watu walikuwa wamezika kwelikweli. Bibi alilitazama lile kovu, akakumbuka alivyolitamka neno marehemu kirahisi redioni.

Mectilda aliwapokea kwenye njia ya mahindi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye unga mikononi, akawapigia goti kidogo kwa heshima kama vile ni wageni waliokuja na habari njema. Akachukua mzigo wa bibi. "Yuko kule," akasema kwa sauti ya chini. "Nimewaambia majirani waje. Bibi uliniambia niwaambie."

"Ndiyo. Asante, mwanangu."

Mzee Akonaay alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao uani, amevaa koti zito na kofia ya sufu, uso kwenye ukuta wa zizi, mgongo kwa dunia. Bibi Genoveva alimtambua kwa masikio. Yalikuwa makubwa, yamechomoza pembeni, kama alivyokuwa nayo ujanani wakati bendi nzima ilimtania kwamba ndiyo yanayomshikia kofia.

Akazunguka mpaka mbele yake. Akainama, mikono miwili pamoja.

"Shikamoo."

Mzee hakuitikia.

Kwa watu wa huku, shikamoo haiachwi hewani. Hata mliyegombea naye mpaka wa shamba, hata aliyekuchomea ua, akikuamkia unaitikia kwanza, ugomvi unafuata. Bibi alibaki ameinama. Nyuma yake alisikia majirani wanaingia uani, kisha wananyamaza mmoja mmoja.

"Shikamoo, mzee Akonaay," akarudia.

"Marehemu haitikii shikamoo," mzee akauambia ukuta. Sauti yake ilikuwa kama mlango mkavu unaoburutwa.

Mtu mmoja alicheka. Alikuwa Onesphory, jirani wa mpaka mmoja, mwanaume wa makamo mwenye tumbo na mzaha, ambaye ndiye aliyeanzisha jina la Marehemu. "Leo tumepata ugeni wa kaburini," akasema. "Karibu, mama. Umekuja kuangalia kama santuri bado ipo?"

Wengine wakacheka pia. Brightness alipiga hatua mbele, lakini bibi alimshika mkono.

"Hujakosea," akamwambia Onesphory. Akawageukia wote. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri njiani, yakapotea. "Mimi ni Genoveva, mke wa Margwe wa Nambis. Ni mimi mliyenisikia redioni. Sikumzika mtu yeyote. Sikulia. Hakuna mwanamke aliyenishika. Nilisikia jina kanisani, nikadhani ni yeye, wala sikuuliza. Santuri niliyosema niliweka kaburini iko kwangu ndani ya kasha."

Simu ya Brightness ilikuwa juu, inarekodi.

"Nilisema vile kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza. Ilikuwa tamu. Huyu mzee ndiye aliyeimba. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu. Nimekuja kulisema hapa mlipomcheka."

Kuku alipita katikati ya watu akidonoa.

"Sasa mama," Onesphory akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "usinielewe vibaya. Jumapili ulituambia umelia, tukaamini. Leo unatuambia ulitudanganya, nalo tuamini. Hili la tatu, kwamba ndiye mwimbaji, tuamini kwa lipi? Pengine unamwonea tu huruma."

Bibi Genoveva alikuwa amekuja kumrudishia mtu jina lake, na kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni neno lake, na neno hilo alikuwa amelivunja mwenyewe mbele ya watu wote. Joto lilipanda usoni mpaka macho yakamchonyota. Hapo ndipo angeweza kulia kwelikweli, lakini akajizuia. Aliona haya hata kwa machozi.

"Aimbe basi," mama mmoja akasema nyuma.

"Hawezi," Mectilda akamjibu. "Tangu walipompasua koo, unajua mwenyewe."

"Ndiyo hayo sasa," yule mama akasema. "Tutajuaje?"

Brightness ndiye aliyefikiria. "Babu," akasema, akachuchumaa kati ya mzee na ukuta, "shikamoo. Jumapili niliukata wimbo katikati, nisome salamu. Hilo kosa ni langu. Ninao hapa wote. Nikupigie?"

"Tangu umetoka sijausikia wote," mzee akasema. "Sikuwa na mashine."

Brightness akaweka simu juu ya goti la mzee. Gitaa likaanza, lile la nyuzi za breki, likikwaruza kidogo. Kisha sauti ya kijana ikapanda, nyembamba, safi, ikimsihi mtu asiende Basotu. Watu walisogea. Mzee alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na maneno, lakini midomo ya watu wengi inaweza kwenda na wimbo. Onesphory alikunja mikono.

Ubeti wa kwanza ulipokaribia kuisha, mzee aliinua kidole.

"Sasa mtoto atalia."

Watu wakatazamana. Na kweli, nyuma ya magitaa, kwa mbali, mtoto mchanga alianza kulia. Aliyekuwa hasikilizi asingesikia kitu, lakini wote sasa walikuwa wanasikiliza. Kilio kikapanda. Kikaja karibu, kana kwamba mtu ameisogelea mashine.

"Sasa nimeshamchukua," mzee akasema. "Msikie, ana kwikwi. Sasa atanyamaza."

Kwikwi moja. Nyingine. Kisha kimya, na ubeti wa pili ukaanza kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona.

Bibi Genoveva alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

Darasa lile lilimrudia. Mablanketi madirishani, harufu ya mafuta ya taa, yeye msichana tu mwenye mtoto mgongoni, amekuja kuwaletea chai. Alimkumbuka mtoto huyo, Benedict, akianza kulia na Margwe akimkazia macho kama kisu. Hiyo sehemu hakuisahau hata siku moja. Lakini yaliyofuata alikuwa ameyapanga vibaya. Miaka yote alidhani alimnyonyesha, akanyamaza.

"Nilikuwa naelekea mlangoni na Benedict," akasema polepole.

"Ulikuwa unatoka nje, kwenye baridi ile, na mtoto," mzee akasema. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama yeye. "Ningekuacha? Wenzangu wote walikuwa wameshika magitaa. Mwimbaji ndiye mwenye mikono mitupu. Nikakunyang'anya."

"Na ubeti wa pili..."

"Watu wanasema ni ustadi!" Akakohoa, na bibi akaelewa kwamba kumbe anacheka. "Nilisikia redioni eti Margwe ndiye aliyebuni. Margwe alitaka turudie toka mwanzo. Nilikuwa namlaza mtoto, shemeji. Ningepaza sauti angeamka."

Brightness alikuwa bado amechuchumaa pale pale. "Benedict ni baba yangu," akasema.

Mzee akamtazama upya, juu mpaka chini, akitafuta. "Basi nilimlaza baba yako," akasema. "Alikuwa mzito."

Hakuna aliyecheka sasa. Bibi Genoveva aliinamisha uso kwenye khanga. Alikuwa amekuja na fedheha moja na sasa alikuwa nazo mbili, na hii ya pili ndiyo nzito. Mtu alimwondolea aibu mbele ya mume wake, akamshikia mtoto, akawapa watu wote wimbo walioupenda kwa sababu ya mtoto huyo. Na yeye alisahau, akampa sifa mwingine, halafu akamzika kwa machozi ambayo hakuyatoa.

"Nisamehe," akasema kutoka ndani ya khanga. "Nilikusahau. Hilo ndilo baya. Hata kudanganya kusingekuwepo kama ningekukumbuka."

Mectilda alikuja akamshika bibi kwapani, akamwinua, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha jikoni, akampangusa udongo nyuma ya gauni kama mtu anavyompangusa mama yake.

Onesphory alivua kofia. Aliizungusha mikononi, akaja mbele ya mzee, tumbo limemrudi ndani kwa aibu. Akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Subiri," Akonaay akasema. "Kuna mtu yuko mbele yako. Amesimama muda mrefu kwenye foleni."

Onesphory akarudi nyuma. Ilimchukua Bibi Genoveva muda kidogo kuelewa. Kisha akainuka kwenye kile kiti, akavuta khanga mabegani, akainama kama mara ya kwanza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," mzee akasema, kwa sauti ile yake mbaya, taratibu, akilivuta neno zima mpaka mwisho ili uani wote wasikie. "Marahaba, shemeji. Habari za Nambis?"

Baada ya hapo kila mtu alitaka kumwamkia. Mama aliyesema aimbe alikuja na mayai. Wimbo ukapigwa tena, na safari hii walipofika kwa mtoto watu wazima wakanyamazishana. Mectilda alipika ugali, akaiyeyusha ile siagi kwenye mboga, na mzee alipoionja alisimamisha tonge hewani.

"Hii haijatoka kwenye kopo."

"Ilisukwa leo," Brightness akasema haraka, na bibi yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Hakutaka sifa. Alikula kidogo, akitazama sahani. Alijua Jumapili inakuja, na Mama Paskalina atasikia, na kanisani watu watageuza vichwa. Watageuza. Hilo lilikuwa limeshakaa mahali pake, wala hakulisukuma.

Pikipiki ilipowarudia, mzee Akonaay aliwasindikiza na fimbo yake mpaka kwenye njia ya mahindi, uso barabarani. Alisimama hapo akivuta pumzi. Bibi Genoveva akasema kwamba santuri ile atamletea, ni yake.

"Lete," mzee akasema. "Ila usiitume kwa watu. Uje mwenyewe. Na huyo Benedict uje naye, nimwone kama ameacha kulia." Akamsaidia kupandisha khanga iliyokuwa inaburuzika karibu na gurudumu. "Njoo tena, shemeji. Usiniache nikasikia habari zangu redioni."